Paa Huanzia Kwenye Lenta

Ukitoka Mbezi kuelekea Kibaha, ukaendelea mpaka Chalinze, utapita maboma mengi ambayo hayajapauliwa. Kuta zimesimama, lenta imeshafungwa, madirisha ni matundu matupu, na pale palipotarajiwa kuwa sebule umeota mpapai. Ukimuuliza mwenyewe atakujibu kwa maneno mawili tu: kupaua bado. Msingi aliuchimba kwa fedha za upatu, tofali akazipandisha kwa mkopo wa kazini, halafu akafika kwenye paa akakwama. Kuta mtu anaweza kuzijenga kwa awamu, kozi mbili mwezi huu na kozi tatu baada ya mavuno. Paa halikubali hivyo. Mbao, misumari, bati na ufundi vinatakiwa kwa mkupuo, kwa sababu kenchi zilizoachwa wazi masika mawili hupinda, na bati lililoishia nusu ya nyumba halimsaidii mtu.

Ndiyo maana siku ya kupaua ni siku kubwa. Majirani hupita kutoa pongezi, mafundi hupikiwa pilau, na picha hutumwa kwa ndugu walio mbali. Lakini karibu picha zote huonyesha kitu kimoja, bati: rangi yake, mng'ao wake, na kama ni la migongo mipana au la mtindo wa vigae. Mbao zinazolibeba hazipigwi picha. Wiki chache baadaye zitafunikwa kwa dari, na mwenye nyumba huenda asizione tena mpaka siku paa litakapomletea taabu. Mimi naamini kwamba nyumba husimama au huanguka kwa sehemu hizo zinazofunikwa, na kwamba mwenye boma anapaswa kuzijua kabla hajatoa hata shilingi moja ya bati.

Tuanzie chini, kwa sababu paa huanzia chini kuliko watu wanavyodhani. Siku ya kumwaga zege la lenta, fundi anayeijua kazi huchomeka vipande vya nondo nyembamba au waya mnene ndani ya zege bichi, akaviacha vimechomoza kwa nafasi alizozipima, virefu vya kutosha kufika mwisho wa ukuta. Asiyejua atadhani ni mabaki yaliyosahauliwa. Kozi za juu zikishapanda, vipande hivyo hukunjwa juu ya walpleti, yaani ule ubao unaolala juu ya ukuta kuizunguka nyumba, ambao wajenzi wa zamani wa pwani waliuita mtambaapanya. Hapo ndipo ukuta na paa vinaposhikana. Fundi asipoviacha siku ile, hakuna siku nyingine ya kuviweka isipokuwa kwa kutoboa zege, na wanaokubali kutoboa ni wachache.

Wengi hufikiri kazi ya ukuta ni kubeba uzito wa paa. Kwa nyumba ya bati, uzito ndiyo shida ndogo kabisa. Bati la geji 30 ni jepesi; upepo unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule ulioingia kwa madirishani hulisukuma kutoka ndani. Nguvu zote mbili zinaelekea upande mmoja, na kinachozipinga ni misumari na kamba za chuma. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa minazi na mikarafuu ya mashamba mazima. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Vimbunga vya namna hiyo haviji kila mwaka kwetu, lakini hata upepo wa kawaida unaotangulia mvua unatosha kuezua darasa la shule ya msingi, na habari huwa ile ile: paa limeng'oka na mbao zake likatua shambani. Ukilichunguza paa la namna hiyo, mara nyingi utakuta bati bado limeshikamana na papi, yaani mbao zinazolibeba, na papi zimeshikamana na kenchi. Kilichoachia ni kiungo cha kenchi na ukuta. Ule waya wa siku ya lenta haukuwekwa.

Kenchi yenyewe ni pembetatu. Pigilia mbao nne ziwe mraba, kisha sukuma pembe moja, zitalala. Pigilia mbao tatu, hutazilaza mpaka uvunje ubao au ung'oe msumari. Siri yote ya kenchi iko hapo, na vipande vinavyoongezwa ndani yake, vya wima na vya mshazari, vinaigawa pembetatu kubwa kuwa ndogo ili kila ubao uwe na safari fupi ya kubeba mzigo. Mbao mbili za mteremko hutaka kutanuka, kila moja iende upande wake, na zingezisukuma kuta nje kama si ule ubao wa chini unaozishika miguuni. Ubao huo hauonekani kama unafanya kazi. Haubebi bati, haugusi kileleni, umelala tu. Kwa hiyo ndio unaoonewa kuliko wote.

Nimewahi kupanda darini kwenye nyumba moja ya Tabata. Sebuleni, ukuta wa mbele ulikuwa na ufa ulioanzia kona ya juu ya dirisha ukapanda kwa mshazari mpaka juu. Mwenye nyumba alikuwa amelipia kuuziba zaidi ya mara moja, kwa saruji na kisha kwa rangi, na kila baada ya muda ulirudi. Alishaamini kwamba msingi umezama. Juu ya dari tulikuta kenchi tatu mfululizo ambazo ubao wao wa chini ulikatwa katikati, msumeno ukaacha mdomo safi kabisa, ili dari ya sebule ipate kunyanyuka kwa umbo la ngazi na kuwekewa taa za pembeni. Dari ilikuwa nzuri kwa kweli. Lakini tangu siku ile paa lilikuwa linaufungua ukuta taratibu, usiku na mchana, na hakuna rangi ya kuzuia jambo hilo. Tuliweza kuupima kwa kidole upenyo uliokuwa umejitokeza kati ya vipande viwili vya ubao uliokatwa. Wote waliopita pale, wa dari na wa umeme, waliuona ubao huo ukiwazuia njia, na kila mmoja alimaliza kazi yake vizuri.

Juu ya kenchi hupita papi, mbao nyembamba zilizolala kuufuata urefu wa nyumba, na juu ya papi huja bati. Aliyelikunja bati kuwa mawimbi na kulipatia hati ya ugunduzi mwaka 1829 ni Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London. Bati tambarare la unene ule ule lingelegea kati ya papi na papi; likikunjwa, migongo yake hulikakamaza. Lakini chuma kitupu huliwa na kutu upesi, na ilibidi kungoja hadi mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa alipoandikisha njia ya kukichovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Anayeishi Tanga, Mombasa au Lamu anajua jinsi chumvi ya bahari inavyoimaliza zinki hiyo mapema kuliko Dodoma. Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi mpaka waulizwe: kwenye bati, namba ya geji ikipanda, unene unashuka. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Wapo watu waliojinyima ili wanunue namba kubwa, wakarudi nyumbani na bati jembamba.

Fundi mmoja mzee wa Tanga, aliyekuwa anaezeka nyumba ya jirani, aliniambia, "Mwanangu, bati halivuji katikati. Linavuja linapoisha." Nimeutafakari usemi huo kuliko vitabu vingi. Bati huisha wapi? Huisha linapopandana na jenzake, linapofika kileleni, linapokutana na ukuta, linapotobolewa na msumari, na mapaa mawili yanapokutana kwa ndani na kutengeneza mfereji kati yao. Kila mwisho una kipande chake cha kuutunza. Kileleni hukaa kofia, bati lililokunjwa kufunika mdomo wa pande mbili. Kwenye ule mfereji wa kati hulazwa bati pana chini ya mabati yote mawili, na hapo ndipo maji ya pande mbili hujumuika, kwa hiyo ndipo pa kukaguliwa kwanza. Mwisho wa chini kuna fishabodi, ubao wa kusimama unaofunga ncha za kenchi.

Yule mzee nilimwona akipiga misumari. Hakupiga msumari hata mmoja bondeni. Kila msumari aliupiga juu ya mgongo wa wimbi, maana maji hupita bondeni, na tundu lililo mgongoni maji hulikwepa kwa pande zote mbili. Alikuwa anausikiliza msumari: akaupiga mpaka kofia yake na kile kiraba cha chini vikalibana bati, akaacha kabla mgongo haujabonyea. Ukiupiga ukapitiliza, wimbi linazama na kuwa kibakuli, na maji yanasimama juu ya tundu. Kijana aliyekuwa upande wa pili alikuwa anapiga haraka kumzidi, na mzee akamwambia bila kuinua macho, "Taratibu, baba. Hapo unamchimbia mwenye nyumba kisima." Kijana akaung'oa, akaziba tundu kwa lami, akahamia mgongo mwingine.

Kabla ya kulaza bati la kwanza, mzee huyo aliuliza upepo wa mvua hutoka upande gani pale mtaani. Kwa pwani yetu, kusi huanza kuvuma Aprili, masika ikiwa ndiyo kwanza imekolea, na huisukuma mvua kutoka kusini. Basi alianzia ncha ya kaskazini akaja kwa kurudi kusini, kila bati jipya likilipanda la mwanzo, ili midomo ya mabati iupe upepo kisogo. Hilo halikumgharimu mwenye nyumba hata senti. Ni ujuzi tu, na naogopa unapotea, kwa sababu hauandikwi kwenye makadirio ya gharama na hakuna anayeulipia.

Ujuzi huo ni mkongwe kuliko bati. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alizikuta nyumba za miti zilizoezekwa kwa majani, na kwa karne nyingi baada yake nyumba za pwani ziliendelea kuvaa makuti. Nguzo hubeba mwamba kileleni. Makombamoyo hushuka kutoka kwenye mwamba mpaka ukutani. Fito hufungwa kwa kukatisha juu ya makombamoyo. Kisha makuti ya viungo hufungwa juu ya fito, moja karibu sana na jingine, kwa mpangilio wa magamba ya samaki. Muezekaji huanzia chini, kwenye mchirizi, akapanda mpaka mwambani, ili kila safu ya juu iilalie ya chini na tone lisipate njia ya kurudi ndani. Makuti hayana uwezo wa kulizuia tone kabisa. Yanaliongoza tu, kuti hadi kuti, kwa haraka inayotosha kulifikisha chini kabla halijapenya, na ndiyo sababu paa la makuti lina mteremko mkali. Ukililaza kwa tamaa ya kuokoa miti, litaoza msimu wa pili.

Sina haja ya kuyapamba. Makuti yanashika moto, yanahifadhi wadudu, na kila baada ya miaka michache yanataka kuezuliwa na kufumwa upya, kazi ambayo kwa sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa wanawake walioketi uani kutwa nzima wakishona kuti kwa kuti. Bibi aliyevuka kutoka makutini kwenda kwenye bati alipata mapumziko ya kweli. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wamefungwa akili na saruji na bati, wanakataa tofali za kuchoma na vigae vya udongo vilivyo bora, wangojee kitu cha kiwandani. Kuhusu vigae alikuwa na haki: ni vya ubaridi, na havipigi kelele mvua inaponyesha. Lakini kigae ni kizito mara nyingi kuliko bati, kinataka kenchi nene na mbao zilizokauka vizuri, na mtu wa kijijini aliyejenga kwa miti aliyoikata mwenyewe hakuwa nazo. Bati lilimkubali na kenchi zake dhaifu. Naona hilo ndilo lililoshinda hoja ya Mwalimu, kuliko fahari peke yake.

Mji Mkongwe wa Unguja una somo lake, na ningependa kila anayejenga Dar es Salaam leo alipitie. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu ziliezekwa kwa sakafu. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto, likapondwapondwa na watu wengi kwa vigongo, kwa siku nyingi, huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti: karibu mita 3 au pungufu, hata chumba kiwe kirefu kiasi gani. Boriti hizo hizo, zilizokatwa katika delta ya Rufiji na mikoko ya Lamu, zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Oman na Ghuba, na huko nako vyumba vikawa vyembamba kwa kipimo cha mti wetu. Paa la sakafu lilikuwa zuri. Watu walilala juu yake usiku wa joto, wakaanika karafuu, wakatazama bahari. Lakini mvua za Unguja si za Maskati. Maji yalisimama, yakapenya kwenye nyufa za chokaa, yakazifikia ncha za boriti zilizozikwa ukutani ambako hakuna upepo wa kuzikausha, na boriti zikaoza mahali pasipoonekana. Taratibu, kuanzia karne ya 19, wenye nyumba wakasimamisha mapaa ya bati yenye mteremko juu ya sakafu zao. Ukiuona Mji Mkongwe leo kutoka juu, mabati yenye kutu yameufunika karibu wote. Kila bati lile ni jibu la mtu aliyechoka kuweka ndoo sebuleni.

Sasa tazama mitaa mipya ya Goba, Madale na Kigamboni. Mtindo unaotamaniwa kuliko yote ni paa la kuficha. Ukuta unapandishwa kuizunguka nyumba, na nyuma yake bati hulazwa kwa mteremko mdogo sana ili lisionekane kutoka barabarani. Naelewa kwa nini unapendwa. Kenchi zake ni fupi, mbao zinapungua, na nyumba ndogo inapata uso wa jumba. Kwa kijana anayejenga kwa mshahara wake, unafuu huo si jambo la kubeza. Ila paa lenye mchirizi wa nje huyatupa maji mbali na nyumba, na paa la kuficha huyaleta ndani, kwenye mfereji uliobanwa kati ya bati na ukuta, ambao unategemea tundu moja au mawili ya kutolea maji. Majani ya mwembe wa jirani yanatosha kuliziba tundu. Mvua kubwa ikinyesha usiku mfereji ukiwa umeziba, maji hayana pa kwenda ila chini ya bati, juu ya dari, kwenye nyaya za umeme. Na kwa kuwa hakuna penu inayojitokeza nje ya ukuta, mvua na jua vinaupiga ukuta wenyewe na madirisha, kitu ambacho nyumba za Kiswahili zenye baraza zilikuwa zimekwisha kukitatua.

Kwa anayeutaka mtindo huo kwa moyo wote, nina ombi. Mfereji wa ndani uwe mpana kiasi cha mtu kusimama ndani yake na ufagio. Matundu ya kutolea maji yawe zaidi ya yale fundi anayosema yanatosha, na juu kidogo ya mfereji ukuta utobolewe tundu la akiba la kutokea nje, ili siku ya kuziba maji yamwagike barabarani kila mtu ayaone. Mafundi wengine hulikataa tundu hilo kwa kuwa linaharibu sura ya mbele. Basi na liwekwe nyuma, lakini liwepo.

Halafu kuna maji yenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka wa kawaida, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba, ambalo ni paa la nyumba ya vyumba vitatu tu, hupokea lita 100,000. Toa moja ya tano kwa yanayoruka na kukauka, zinabaki lita 80,000, ambazo ni madumu 4,000 ya lita 20. Nimemwona mama mmoja Kimara akinunua madumu kwa kijana wa toroli, na chini ya bati lake, kuizunguka nyumba, mvua ya usiku ilikuwa imechimba mtaro uliokwisha kuanza kuufunua msingi. Maji aliyoyanunua na maji yaliyomla msingi yalikuwa yote yake.

Kinachokosekana pale si kikubwa: mfereji wa bati uliotegwa kwa mteremko mdogo kuelekea kona moja, wavu wa kuzuia majani, bomba, na tangi lililofunikwa. Mvua za kwanza za msimu huachwa zipite, zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo maji yaanze kukingwa. Na fishabodi iwe ya mbao iliyopigwa dawa, ikashikwa kwa misumari mirefu kwenye kila ncha ya kenchi, maana ndiyo itakayoubeba mfereji siku umejaa mpaka mdomoni.